Mama Alipolibana Bomba

Mama yangu, Ciakuthii, alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kimtii. Ng'ombe akikataa kusimama wakati wa kukamuliwa, mama hakumfunga kamba, alimkemea kwa jina mpaka mnyama akatulia. Mlango ukikwama aliupiga kofi. Kanisani, mhubiri akirefusha maneno kupita kiasi, mama alianza kufunga kitambaa chake polepole kama mtu anayejiandaa kutoka, na mhubiri aliyemjua akarukia sala ya mwisho. Nayasema haya kwa mapenzi. Mimi ni binti yake, Makandi, na hata sasa nikiwa na wajukuu, nikisikia mtu akikohoa nyuma yangu nanyoosha mgongo.

Boma lake lilikuwa juu kidogo ya Kibirichia, kwenye ukingo unaopata baridi ya mlima kabla ya wengine wote. Baba alitangulia mapema, akamwachia viazi, ng'ombe wa gredi na watoto. Wanaume wa ukoo walikuja kumwonyesha jinsi ya kuviendesha. Aliwapikia chakula, akawasikiliza, akawasindikiza hadi langoni, kisha akaviendesha alivyotaka.

Maji ya Harambee, yale ya michango yetu wenyewe, yalipofika, mama alikuwa amechimba mtaro wake na nusu ya mtaro wa jirani. Tangi lilijengwa kwenye mpaka wa msitu. Kutoka pale bomba la inchi mbili lilishuka, likapita kando ya boma la mama, kisha likateremka mteremko mkali mpaka chini bondeni kwa mzee Salesio, ambako palikuwa na mifereji ya kuchotea maji na hori la saruji la kunyweshea ng'ombe. Nami nikaolewa huko huko chini, na Muthamia, mwana wa Salesio. Mama hakupendezwa. Alisema Salesio ni mtu wa kufungua maji na kusahau kufunga, na kwamba nyumba ya mtu wa namna hiyo haikosi tope. Lakini mahari ilipokelewa, watu wakala, na kuanzia siku hiyo wale wawili wakawa wakwe. Kwetu wakwe hawatukanani hata wakiwa na sababu nzuri. Walitupiana maneno kupitia kwangu.

Sasa, bomba. Mama alikuwa na mpira wa kujazia pipa lake la dawa ya kupe, maana alikuwa amechoka kuwapeleka ng'ombe kwenye josho na kurudi nao wakiwa na kupe wa majirani. Aliwanyunyizia mwenyewe nyumbani. Ila mpira ulitoa maji ya unyonge, na kila ulipotoa unyonge alijua kwamba huko chini Salesio amefungua.

Basi mama akafikiri. Ukichukua mpira unaotoa maji, ukauziba mdomo nusu kwa kidole gumba, maji hayaruki mbali? Yanaruka. Kila mtoto wa Kibirichia anajua hivyo. Kwa hiyo, mama alisema, maji yakibanwa hupata nguvu. Tulibane bomba lenyewe pale kando ya pipa, na pale pale kwenye mbano tutoe mpira, nguvu yote itoke kwangu. Alimwita Kithinji, fundi wa Kiirua, akamweleza. Kithinji alikuna kichwa, akajaribu kidole chake kwenye mpira, maji yakaruka mpaka kwenye kuku, naye akakubali. Mwalimu Marete, mwenyekiti wa laini yetu ya maji, alipita akaona kazi ikifanywa akasema ni vizuri. Hata mimi niliona ni akili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku hiyo sote tulikuwa tumenyolewa na kinyozi mmoja.

Kithinji akakata bomba la inchi mbili kando ya boma, akaunganisha kipande chembamba cha nusu inchi, urefu wa hatua chache, kisha bomba likaendelea tena na upana wake kuteremka kwa Salesio. Kwenye kile kipande chembamba akaweka koki na mpira. Jioni hiyo huko chini walikuwa wamefunga kila kitu, mama akafungua koki, na mpira ukatoa maji kwa nguvu mpaka ukamponyoka mkononi. Alicheka. Alikuja mpaka kwetu kunieleza, kwa sauti ya kumfikia Salesio ndani ya nyumba, kwamba kuna watu wanaotumia akili na kuna watu wanaotumia maji.

Ni kweli kwamba mchana, wakati huko chini wamefungua, mpira haukutoa hata tone. Mama hakuona ajabu. Alisema Salesio anayanywa yote. Akatafuta njia yake, na ilikuwa njia ya wengi wetu: unamimina dawa ya kupe ndani ya pipa, unatia maji kidogo, unautumbukiza mpira mpaka chini kabisa ili usirushe povu, unaacha koki wazi, unaenda zako. Huko chini wakifunga, maji yatakuja yenyewe na pipa litajaa. Ukirudi unakuta kazi imefanyika.

Mwaka 1986, mvua za Aprili zikianza, nilijifungua mtoto wangu wa kwanza, msichana. Nilikuwa bado ndani, kitandani, na mama mkwe wangu, Karwirwa, ndiye aliyenihudumia. Karwirwa alikuwa mtu mpole wa maneno machache, na alinipenda kwa namna ya watu wa namna hiyo: kwa uji. Uji wa wimbi asubuhi, uji mchana, uji mtoto akilia, uji mtoto akinyamaza. Na kila kikombe, kabla ya kunipa, alionja yeye kwanza. Kwetu ndivyo ilivyo. Anayekupa kinywaji hunywa kidogo mbele yako, upate kujua kwamba hana ubaya nawe. Wengi siku hizi hawafanyi, wanaona ni ushamba. Karwirwa alifanya hata mimi nilipomwambia, mama, nakuamini. Alisema si suala la kuniamini, ni vile kikombe hupewa mtu.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Mama alikuwa ametia dawa ndani ya pipa tangu asubuhi, si jioni kama alivyozoea, akautumbukiza mpira, akaacha koki wazi, akaenda Kiirua kuuza viazi. Huku chini Muthamia alifungua bomba la hori kwa nguvu zote, maana ng'ombe walikuwa na kiu. Karwirwa alichota maji kwenye mtungi wa plastiki, akamimina ndani ya sufuria iliyokuwa na unga tayari, akakoroga, akapika. Mimi nilikuwa nikinyonyesha. Aliingia na kikombe, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaonja.

Akatulia na ule uji kinywani, kama mtu anayesikiliza. Akaniangalia. "Hii uji iko na harufu ya josho," akasema. Nilinyoosha mkono nijionee, naye akakivuta kikombe akakimwaga sakafuni.

Nje Muthamia alikuwa akiita. Nilitoka na shuka, jambo ambalo mzazi wa siku chache hafanyi, na nikaona hori. Maji yalikuwa meupe. Yalikuwa meupe kama maziwa, na bomba liliendelea kumwaga meupe, na ndama wetu alikuwa ameshakunywa na amelala ubavu akipiga miguu. Muthamia aliwafukuza wale wengine kwa fimbo. Sikuwahi kuona maji yakitoka bombani kwa rangi ile, na hata leo nikifungua mfereji huwa naangalia kwanza. Nilirudi ndani. Karwirwa alikuwa amekaa sakafuni, mate yanamtoka asiyaweze, jasho linamtiririka katika ile baridi, mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na bado alikuwa ameshika kile kikombe.

Kikombe kilikuwa changu. Sikupata nafasi ya kulifikiria wakati ule, lakini baadaye lilinijia na likanikalia kifuani. Kama asingeonja, ningekinywa chote, kisha ningemnyonyesha mtoto.

Jirani mwenye pikapu ya viazi aliitwa. Walikuwa wakimpakia Karwirwa juu ya magunia nilipoisikia sauti ya mama ikiteremka mteremko kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Alikuwa ametoka sokoni, amepita kwenye pipa lake, na amekuta dawa aliyoiacha imepungua chini ya nusu. "Nani amechota dawa yangu?" alikuwa akisema. "Niulizwe tu, kwani mimi nimekataa kuwapa? Mtu anakuja kwa boma ya mjane anachota dawa kama maji ya mto."

Alifika uani. Aliona ndama amekufa. Aliona hori. Aliona miguu ya Karwirwa ikitikisika juu ya magunia. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukikauka namna ile.

Salesio aligeuka kutoka kwenye pikapu. Kwa miaka yote hakuwa amewahi kumwambia neno la moja kwa moja. "Dawa yako, mkwe?" akamwuliza. "Dawa yako ndiyo hii tunakunywa?"

Pikapu iliondoka kuelekea Meru mjini. Muthamia alikaa nyuma amemshika mama yake, na aliniambia baadaye kwamba walipokwama kati ya malori pale Makutano alidhani mama yake ameshakufa. Hospitalini daktari aliinama akamnusa, na kabla hajauliza jina akaagiza sindano. Walimdunga moja, wakamtazama macho, wakamdunga nyingine, usiku kucha na siku iliyofuata. Aliishi. Lakini tuliambiwa atakaa kule, na kwamba mikono huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Huku nyumbani maneno yaliota kuliko viazi. Mjane wa juu ameweka dawa ndani ya bomba. Alikuwa anawachukia tangu ndoa. Kwani maji ya jikoni kwake yalikuwa na rangi? Hayakuwa na rangi, yalikuwa safi, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi, maana mfereji wake wa jikoni ulitoka juu ya ule mbano. Juu safi, chini sumu, na katikati yuko Ciakuthii na pipa lake. Na si yeye mwenyewe aliyesema mbele ya watu kwamba dawa ni yake na imepungua?

Salesio hakupiga kelele. Aliniita nje, akasema akiangalia mlima. "Wewe sina neno na wewe, Makandi. Lakini siwezi kukaa na binti ya mtu ambaye amenilisha sumu. Wazee wakikuta ni mama yako alifanya, utarudi kwenu. Mtoto ni wa hii boma, atabaki." Muthamia alisimama kando. Nilimtazama aseme kitu, naye akatazama viatu vyake. Sikumchukia, mama yake alikuwa hospitalini. Lakini niliingia ndani nikamfunga mtoto kwenye kifua changu, na sikumweka chini tena, si kwa kulala wala kwa kula. Nilikuwa nimepigwa na butwaa la mtu ambaye nyumba yake imeng'olewa paa akiwa amekaa mezani.

Mwalimu Marete aliitisha watu, yeye kama mwenyekiti wa laini, na wazee wawili wa ukoo, na mzee wa kanisa. Walianzia kwetu chini. Marete alikuwa amesema mifereji yote na bomba la hori viachwe wazi tangu alfajiri, bomba lioshwe, na vilikuwa vikimwaga maji mpaka uani kukawa ziwa. Mama alikuja na nguo yake ya kanisani. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji, akakinga maji kwa kiganja, akanywa mbele ya watu wote. Akakinga tena, akanywa.

"Kama niliweka sumu kwa hii maji," akasema, "ikae ndani yangu."

Watu walingoja. Mama hakuanguka. Maji yalikuwa safi, mtu yeyote angeweza kuona. Mzee mmoja akasema labda anajua siku ya kuweka na siku ya kutoweka, lakini alisema kwa sauti ndogo. Yule wa kanisa akasema mwanamke anayekunywa hivyo si mwongo. Nilianza kupumua.

Wakasema waende juu waone hilo pipa, wamalize. Tukapanda wote, isipokuwa Muthamia aliyebaki kuwaangalia ng'ombe na maji yaliyokuwa yakimwagika. Mama alikuwa ametayarisha uji, sufuria kubwa ya uji wa wimbi uliochachuka, mwepesi, wa wageni, umewekwa kwenye kigoda uani ukipoa. Ndivyo alivyokuwa. Watu wanakuja kumhukumu, naye amewapikia.

Pipa lilikuwa tupu, amelisugua kwa mchanga na kulilaza ubavu. Marete akamwomba aonyeshe jinsi anavyolijaza. Mama akaeleza: dawa chini, mpira ndani, koki wazi, basi. "Hii mpira inaleta maji," akasema. "Inaleta, haipeleki. Maji inatoka kwa tangi inakuja hapa. Kitu ya kutoka kwa pipa ingepanda aje kwa bomba? Nyinyi ni watu mmesoma."

Marete akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, maji yana presha, yanasukuma kwenda nje, hakuna kitu kinachoweza kuingia kinyume cha presha. Wale wazee wakakubaliana naye. Salesio alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, na niliona mabega yake yameshuka. Alikuwa mtu wa haki. Hakuwa ameridhika, lakini alikuwa tayari kukubali kwamba hajui. Akageuka kuondoka, na wenzake wakageuka, na Marete akawa anasema maneno ya kufunga kikao, kwamba jambo hili lina siri yake, tumwachie Mungu.

Mama alikuwa bado ameshika mpira. Akafungua koki, kwa mazoea tu nadhani, kuwaonyesha maji. Hayakutoka. Akautikisa. Kisha akafanya kile kila mtu hufanya, akaweka kiganja kwenye mdomo wa mpira apate kuhisi kama kuna chochote kinachokuja.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimtazama. Niliona mkono wake ukishtuka. Alivuta kiganja na hakikutoka mara moja, kilitoka kwa mlio mdogo kama wa mtoto akiachia ziwa. Alikitazama. Palikuwa na duara jekundu katikati. Akakirudisha kwenye mpira, polepole, na mpira ukakishika tena.

Sikuelewa. Lakini niliona kwamba yeye ameelewa, maana aliutazama mpira, kisha pipa, kisha mteremko wa kwa Salesio. Mpira ulikuwa ukivuta. Mpira ambao tangu siku Kithinji aliufunga alikuwa akiuacha ndani ya dawa, na koki wazi, na kwenda zake. Aliinua macho akanitazama mimi na mtoto kifuani, kisha akawatazama wale watu wanaotoka langoni. Wote walikuwa wamempa mgongo. Ilikuwa ni kufunga koki tu. Angeufunga, angewamiminia uji, na mimi ningeshuka kwangu nikiwa mke wa mtu na mama wa mtoto. Kesho angeng'oa mpira kimya kimya, na hakuna ambaye angejua mpaka kiama. Ningekuwa mimi, nawaambia ukweli, ningeufunga.

"Ngojeni," mama akasema.

Wakageuka. Aliubeba ule mpira mpaka kwenye kigoda, akautumbukiza ndani ya sufuria ya uji.

Uji ulianza kushuka. Hakuna aliyeugusa. Ulishuka ukiacha utando kwenye kingo za sufuria, na ndani ya mpira ukasikika mlio wa kunyonya, kama mzee anayemaliza supu. Mzee wa kanisa akarudi nyuma hatua nzima na kuligonga pipa. Yule mzee aliyekuwa na neno la kusema juu ya kila kitu alivua kofia yake, sijui kwa nini, kama mtu anayepita mbele ya maiti. Uji ukafika katikati, ukapita, mpira ukaanza kukoroma kwa kunyonya hewa, na mama akaufunga.

Tulikuwa bado tumesimama vile vile Muthamia alipotokea akipanda mteremko mbio, akihema, miguu imejaa tope. "Mwalimu," akasema, "huko chini maji imekuwa uji. Kwa hori. Ni uji inatoka."

Mama alikaa chini, na nguo yake ya kanisani, kwenye udongo. "Ni mimi," akasema. "Siku hiyo ni mimi niliwalisha. Sikujua, lakini ni mimi. Nilibana bomba nikafikiria inakuja na nguvu, kumbe ilikuwa inameza." Halafu akamtazama Salesio usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Baba Muthamia, huyu msichana hana makosa. Hakuwa hapa. Kama kuna mtu wa kutengwa, nitengwe mimi."

Salesio alikwenda akainua ule mpira, akafungua koki, akaweka kiganja chake kikubwa cha kazi. Sijawahi kujua alichokuwa akikifikiria, lakini alipokitoa alikuwa na duara lile lile jekundu. Akakaa kwenye jiwe mkabala na mama.

"Na mimi ndiye nimezoea kufungua maji yote," akasema. "Nikifungua huko chini, mimi ndiye nilikuwa navuta." Akafuta kiganja kwenye suruali mara mbili tatu, kama kwamba kina kitu. Kisha akaniambia, "Makandi, chukua mtoto twende nyumbani. Huku kuna baridi."

Mwalimu Marete alitueleza baadaye, siku alipokuwa amepata usingizi. Alisema amefundisha jambo hilo miaka mingi kwa kuchora ubaoni, na hakuna siku mchoro ulimsimamisha nywele. Alitukumbusha josho. Ng'ombe wakiwa wamesongamana kwenye zizi la kungojea, wanaegemea ua mpaka miti inalia. Wakiingizwa kwenye kile kichochoro chembamba cha kuendea kwenye dawa wanakimbia mmoja mmoja, na aliye mbioni haegemei ua. Maji ni vivyo hivyo. Mahali pembamba lazima yakimbie ndipo yale ya nyuma yapite, na mbio hizo yanazilipia kwa ile nguvu ya kusukuma kando. Kidole gumba kwenye mpira kweli kinayapa maji mbio, lakini sisi tulidhani mbio na msukumo ni kitu kimoja. Huko chini wakiwa wamefunga, maji yamesimama, yanasukuma, mpira unatoa. Wakifungua, maji yanakimbia kwenye mbano, na mteremko unazidi kuyavuta, msukumo unashuka chini hata kuliko wa hewa ya nje, na mpira unanyonya chochote ulichotumbukizwa ndani yake. Alisema yeye pia alipita siku ile akasema ni vizuri.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante. Kisha akasema mwiba wa kujidunga hauna kilio, akaenda kukamua.

Kithinji aliitwa, kipande chembamba kikatolewa, na bomba likarudi inchi mbili kutoka tangini mpaka bondeni. Mpira ulitundikwa kwenye kigingi juu ya pipa, mdomo wake usiguse hata ukingo, na ukienda kwenye lile boma utaukuta hivyo. Lakini mama hakurudi kama alivyokuwa. Aliacha kukemea ng'ombe. Mhubiri alirefusha mahubiri naye akakaa. Na jambo ambalo watu walilisema kwa kunong'ona, maana kwetu ni jambo zito, aliacha kumpa mtu yeyote kitu cha kunywa. Mgeni alikuja, akakaa, akazungumza, akaondoka na koo kavu. Mimi mwenyewe nilikwenda na mtoto mgongoni nikarudi bila hata maji. Niliumia, nikamkasirikia, na sikujua nimwambie nini.

Karwirwa alitoka hospitalini viazi vikiwa vimeanza kutoa maua. Mikono yake ilikuwa bado inatetemeka, kijiko kiligonga bakuli kama kengele. Asubuhi moja akaniambia nimsindikize juu. Nikamwambia mteremko ni mkali. Akachukua fimbo ya Salesio, akatoka.

Mama alituona tukiingia langoni, akasimama katikati ya uani, mikono imening'inia. Walisalimiana. Wakakaa. Wakazungumza habari za mvua, za mtoto, za ukungu kwenye viazi. Habari ziliisha. Mama akawa anatazama ardhi.

"Mama Makandi," Karwirwa akasema, "leo hakuna uji hapa?"

Mama akanyanyuka. Alikaa jikoni muda mrefu. Alirudi na kikombe kimoja, amekishika kwa mikono miwili, na niliona kwamba mikono yake inatetemeka kuliko ya Karwirwa. Akasimama mbele yake. Akakiinua kikombe mdomoni aonje kwanza, kama inavyotakiwa, na nadhani angekunywa chote, kwa jinsi alivyokuwa akiogopa.

Karwirwa alinyoosha mkono wake unaotikisika akakitwaa kikombe kabla hakijamfika mama mdomoni. Kidogo kilimwagika kwenye nguo yake. Akanywa, bila haraka, mpaka nusu, akajifuta kwa mkono, kisha akampa mama nusu iliyobaki, naye mama akamalizia.